Seva Iliyomkubali Bi Mwanahawa Tu

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na kabla sijapata msumari wa kuitundikia mkaniomba niwaandikie mambo niliyojifunza kazini. Saa nawashukuru. Ombi limenitaabisha. Nikikaa kibarazani na kuyapanga, naona niliyojifunza ni machache kuliko yaliyonichanganya, na katika yaliyonichanganya, mabaya zaidi ni yale yaliyotengenea nikiwa nimeyashika mkononi, bila mimi kujua nimefanya nini. Kwa hiyo nawaandikia hayo. Vyeo naviruka. Mishahara naiacha pia, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo mnayoilalamikia sasa.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Karakana ilikuwa Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la vitasa, na joto lake lingeweza kuivisha chapati. Mkubwa wa mafundi alikuwa Dada Felista, mwanamke mwembamba aliyeweka bisibisi kwenye nywele kama wengine wanavyoweka kichana. Aliitazama tai yangu. Akaitazama bahasha yenye shahada yangu ya umeme, ambayo nilikuja nayo kana kwamba angetaka kuigonga muhuri. Kisha akanipa kompyuta iliyokufa na brashi ya kupakia rangi.

"Hii haiwaki," akasema. "Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Kufikia adhuhuri nilikuwa na nadharia tatu, zote nzuri, na kompyuta bado imekufa. Dada Felista akaja, akaisikiliza ya kwanza kwa heshima, ya pili akaikatiza. Akaiinua kompyuta, akaitikisa, akaipuliza, na mjusi mkavu akaanguka mezani. Akaichomeka. Ikawaka.

"Kumbe ni mjusi!" nikasema.

"Mjusi alikuwa kule kwenye feni. Hajagusa kitu."

"Sasa kwa nini imewaka?"

"Sijui," akasema, tayari anaondoka. "Andika imetengenea."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaja kuona kwamba hilo ni neno la kazi kama mengine, na kwamba fundi asiyeweza kulitamka atapata presha mapema. Ila Dada Felista hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, utakuwa umepata mashine na umepoteza ugonjwa, na ugonjwa utarudi kwa mteja mwingine nawe hutamjua hata kwa sura. Sharti hilo nimelifuata kazi yangu yote. Nitawaeleza lilivyonipoteza.

Vifaa vyangu mnavijua, maana mlikuwa mkiviazima bila kusema. Bisibisi yenye sumaku. Mita ya kupimia umeme. Ile brashi ya rangi, ambayo niliondoka nayo na sioni aibu. Na raba ya kufutia, ya wanafunzi, ile nyeupe. Vijana wageni huicheka, hadi wanapopelekwa pwani. Huku chumvi haikai baharini. Inapanda ngazi, inaingia ofisini, inakaa kwenye meno ya vibao vya kumbukumbu, na asubuhi moja seva inalia kama kifaranga kwa sababu haikumbuki chochote. Unachomoa kibao, unasugua meno yake kwa raba mpaka yang'ae, unakirudisha, na mteja anakutazama kama mtu uliyemdanganya, kwa kuwa umefika na gari la kampuni kuja kufuta.

Kwa atakayeokota maandishi haya bila kuwa fundi, niseme hivi: seva ni kompyuta kubwa ya ofisi, ile ambayo nyingine zote huenda kuiuliza. Inapowashwa hupitia hatua. Kwanza inapata umeme. Halafu inajikagua, kiungo kwa kiungo. Halafu ndipo inaanza kazi. Ikikwama kwenye kujikagua, angalau inalia, na milio ina maana yake. Ugonjwa mbaya ni ule wa hatua ya kwanza, ambapo mashine haijapata hata nguvu ya kulia. Hapo huna dalili. Una sanduku la chuma, na watu wamesimama nyuma yako.

Nilipopewa njia ya kaskazini, kuanzia Bunju mpaka Miono, nilipata watu wengi wa kusimama nyuma yangu. Wengi wao walikuwa wa ushirika mmoja wa wakulima wa matunda, wenye ofisi Bagamoyo mjini na vituo vidogo vya kupokelea mazao huko bara. Jina lake siliandiki. Asubuhi magari madogo ya mizigo yalijipanga nje, yamejaa nanasi. Karani alipima, akaingiza kwenye kompyuta, seva ikatoa stakabadhi, mkulima akaondoka. Seva isipowaka, hakuna stakabadhi. Bila stakabadhi, mkulima haondoki, na nanasi haziachi kuiva kwa sababu ofisi ina tatizo.

Seva yao ya kwanza iliuawa na radi wakati wa masika. Tangu hapo palikuwa na amri: saa ya kufunga ofisi, kila plagi ichomolewe ukutani, na ya seva pia. Mimi nilieleza, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba seva haizimwi. Ni mashine ya kukesha. Walinisikiliza vizuri sana, kama watu wa Bagamoyo wanavyoweza kukusikiliza vizuri, na jioni ileile wakachomoa.

"Injinia," aliniambia Bi Mwanahawa, karani wa mapokezi, "radi haisomi barua zako."

Mimi si injinia wa kusajiliwa. Niliwaambia hilo pia. Wakalisikiliza vizuri vilevile.

Huyu Bi Mwanahawa ndiye habari yenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kaole, mnene kidogo, mwenye sauti ya kumtoa mtu chumba cha pili. Alifika kazini baada ya wenzake, kwa ruhusa, kwa sababu mama yake alikuwa amepigwa kiharusi na ilibidi kila asubuhi amwogeshe na kumlisha kwanza. Adhuhuri alipanda bodaboda kurudi Kaole kumgeuza upande, kisha akarudi ofisini. Hakuwa na ndugu wa kumsaidia zaidi ya binti wa jirani, ambaye aliweza kukaa na mgonjwa lakini hakuweza kumwinua.

Meneja wao alikuwa Bwana Shomari, naye mtoto wa Kaole, mtu mpole tu hadi alipopelekwa Morogoro kwenye semina ya uongozi. Alirudi na kalamu ya kung'aa na maneno mapya. Moja ya mambo aliyoyagundua huko ni kwamba ofisi ilikuwa ikipoteza asubuhi nzima kwa salamu. Basi akaagiza kwamba kazi itangulie na salamu zingoje saa ya chai. Mimi, niliyezoea kufika pale nina haraka na kuulizwa habari za watoto, za shemeji, za njia na za mvua, sikuona agizo hilo kuwa baya.

Muda si mrefu baada ya hapo nikapigiwa simu na Zuhura, karani wa kompyuta, mwenye ulimi.

"Injinia, seva yako imegoma."

"Imegomaje? Inalia?"

"Ingelia ningekuambia inalia. Ukibonyeza, feni inashtuka mara moja kama mtu aliyekanyagwa, inatoa taa ya machungwa, basi. Imekufa."

Nilipofika Bagamoyo nikakuta magari yamepanga foleni hadi barabarani, na mkulima mmoja wa Makurunge amesimama mlangoni akihutubia. "Nanasi zangu zinageuka pombe humo garini, na mimi mwenyewe sinywi! Nitamwambia nini shekhe?" Lakini ndani, seva ilikuwa inawaka. Inanguruma kwa furaha.

"Nani kaiwasha?"

"Bi Mwanahawa," akasema Zuhura. "Mimi nimebonyeza hadi kidole kimeuma. Kaja yeye, kabonyeza mara moja."

Nikangoja foleni iishe, nikaizima, nikaifungua. Nikaona chumvi kwenye meno ya kumbukumbu, nikafurahi kama mtu aliyemwona jamaa yake stendi. Nikasugua kwa raba, nikarudisha, nikachomeka, nikakusanya vifaa vyangu, nikanywa kahawa ya Zuhura, nikabonyeza. Ikawaka. Nikaandika: kumbukumbu zilikuwa na kutu. Kesho yake asubuhi Zuhura akapiga simu.

"Imegoma. Kaiwasha Bi Mwanahawa."

Mara ya pili nikabadilisha betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi kuu, kwa sababu seva ilikuwa imeanza kusahau tarehe. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikakusanya vifaa, nikanywa kahawa, nikabonyeza, ikawaka. Kesho yake ikagoma. Mara ya tatu nikatoa kadi zote, nikaiacha na viungo vya lazima tu, kama mgonjwa aliyevuliwa nguo. Vifaa, kahawa, ikawaka. Nikarudisha kadi moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa, na kila ninayoirudisha, jioni inawaka, asubuhi inagoma, na Bi Mwanahawa anaiwasha. Niliandika sababu nyingi katika muda ule. Kila moja ilikuwa kweli hadi kulipopambazuka.

Ofisini wakaacha kunipigia. Walingoja Bi Mwanahawa afike kutoka Kaole. Sokoni watu wakaanza kusema yule mama ana mkono. Na Bwana Shomari, ambaye tangu semina hakupenda mambo ya mikono, akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Injinia, wewe msomi. Mashine inaweza kumjua mtu?"

"Haiwezi."

"Nami nasema haiwezi. Basi kama mashine haimjui mtu, mtu ndiye anaijua mashine. Sawa?"

Nikasema sawa, kwa kuwa sentensi yenyewe haikuwa na kasoro.

"Anayeiwasha peke yake, ndiye anayeizima. Jioni anaifanyia kitu, asubuhi anakiondoa. Anataka tuone ofisi haiendi bila yeye. Nampeleka Miono. Kituo cha kule kina mizani na kalamu, hakuna seva ya kuchezea. Mwezi ukiandama anaondoka."

"Una hakika ni yeye?"

"Wewe una hakika si yeye?"

Sikuwa nayo. Nililijua jibu la maswali mengi ya mtihani, na hilo halikuwamo.

Bi Mwanahawa alinikuta nje, chini ya upenu, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa amekwishaambiwa, uhamisho na sababu yake. Hakulia. Alisimama ameshika kiuno.

"Kaka, Miono si mbali kwa mtu mwenye gari. Mimi nina mgonjwa. Asipogeuzwa mchana, anapata vidonda, na vidonda ndivyo vitakavyoniulia mama yangu. Nitamgeuza kwa simu?"

"Huwezi kwenda naye?"

"Nimpandishe basi mtu asiyeweza kukaa? Kaka, niandikie wewe kwamba si mimi. Wewe wanakusikiliza."

"Siwezi kuandika nisichokijua, dada'ngu."

"Basi kijue," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ofisi haijafunguliwa. Niliamua nisiguse kitu. Nitatazama tu. Zuhura akafungua, akachomeka plagi ya seva, akabonyeza palepale. Feni ikashtuka, taa ya machungwa, kimya. Akabonyeza tena. Sasa hata feni haikushtuka. Nikasogea mimi. Kimya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha soketi, nikabonyeza palepale; feni ikashtuka tena, basi. Nikabonyeza kwa kidole kingine, jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Kimya.

Ndipo Bi Mwanahawa akaingia. Alipoona tumeizunguka, akatutimua kwa kiganja, akachomoa plagi, akaweka mkoba chini, akavua viatu vya njiani akavaa ndala, akachomeka plagi upya kwa mkono wa kulia na bismillahi. Kisha, kama kawaida yake, agizo la Morogoro likiwa limempita pembeni, akageuka kutusalimu.

"Assalaam aleykum! Zuhura, umeamkaje mwanangu? Yule mtoto homa imeshuka? Alhamdulillahi. Mpe maji, asikudanganye hataki. Injinia, habari za Dar? Za njiani? Shemeji hajambo? Mbona umekonda, hupikiwi? Babu mlinzi, shikamoo! Mguu umeamkaje leo?" Kutoka nje mlinzi akajibu marahaba, akaanza kueleza mguu, na mguu ule ulikuwa na historia. Bi Mwanahawa alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, akageuka, akabonyeza.

Seva ikanguruma.

Nikamwomba aizime. Nikasema sasa nitafanya vilevile alivyofanya. Nikachomoa. Nikachomeka kwa mkono wa kulia. Nikasema bismillahi, kwa sauti, mimi Mlutheri mwenye kadi ya ushirika wa kanisani, na nikabonyeza kwa kidole alichobonyezea yeye. Feni ikashtuka. Taa ya machungwa. Kimya.

"Imekujua," akasema Zuhura.

Wakacheka wote, hata Bi Mwanahawa, halafu nikaona ameacha kucheka. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba jambo lile halikumsaidia. Mlango wa Bwana Shomari ulikuwa wazi, naye amesimama hapo na kalamu yake, ameona kila kitu. Akarudi ndani.

"Mimi mwenyewe sijui, kaka," Bi Mwanahawa akaniambia polepole. "Wallahi sijui inanitakia nini."

Nililala Bagamoyo siku ile, na kesho yake nikarudi bila mpango wowote. Nilichomeka plagi na kunyoosha mkono nibonyeze, ili nishindwe mapema nipate nafasi ya kufikiri. Mlangoni akabisha hodi mwanamke mzee kutoka Miono, mkulima, aliyekuja kuulizia magunia yake. Zuhura alikuwa amenipa mgongo akifuta meza, kwa hiyo ilibidi nimwitikie mimi. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?" Akaniuliza za nyumbani. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nilipomwambia, akanitajia mtu wa kwetu aliyewahi kupanga nyumba jirani na dada yake, akataka kujua kama yu hai. Sikumjua. Akanieleza ili nimjue. Nilipomjua vya kutosha, akakaa kwenye benchi, nami nikakumbuka mkono wangu, nikabonyeza.

Seva ikanguruma.

Zuhura akaacha kufuta meza. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, kama niliyeshika kitu cha mtu. Nikaizima. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza papo hapo. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka, na kwa kuwa sikujua la kufanya hapo katikati, nikamgeukia Zuhura.

"Zuhura, habari za nyumbani?"

"Injinia, unaumwa?"

"Nijibu. Mtoto anaendeleaje? Homa? Anakula?"

Akanijibu, ananitazama kwa wasiwasi. Nikamuuliza za mumewe na za mama mkwe, na hizo za mama mkwe zilikuwa ndefu, ikabidi nizisubiri. Nikabonyeza. Ikanguruma.

Nilitoa mita. Wenzangu, hapo ndipo aibu ya shahada iliponishika vizuri. Ndani ya seva kuna pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza. Kinapochomekwa tu, kabla ya kubonyeza chochote, hutoa umeme kidogo wa kungojea, ambao ndio unaoamsha vingine. Kwenye mashine isiyo na ugonjwa umeme huo unakuja mara moja. Kwenye hii, kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimechoka kwa joto na chumvi, na mita ilionyesha umeme ukipanda polepole kama mzee anayepanda ngazi na kikapu. Ukibonyeza kabla hajafika juu, pawa saplai inaona hatari, inajifungia, na haifunguki hadi uichomoe. Ukimngoja afike, inawaka bila neno. Na kwa kuwa kila jioni walichomoa wakiogopa radi, kila asubuhi mzee alianzia ngazi ya chini.

Zamani ofisi nzima ilisalimiana, na hakuna aliyeona tatizo. Walipoacha, akabaki mmoja tu aliyempa mzee nafasi. Nami jioni zote zile nilizotangaza ushindi, nilikuwa nimechomeka, nikakusanya vifaa, nikanywa kahawa. Nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama nilivyofundishwa. Sikujua kwamba kungoja nako ni kipuri.

Nikaenda kwa Bwana Shomari. Nikamweleza yote, na kapasita nikazitaja.

"Injinia," akasema, "unataka niwaandikie wakubwa kwamba seva ya ushirika inangoja salamu?"

"Inangoja muda."

"Mimi nimeona kwa macho yangu wewe umeshindwa na yeye kaweza. Leo unaniambia umeweza. Labda kakufundisha."

"Basi njoo uiwashe wewe."

Akatoka. Ofisi yote ikasimama. Wakulima wakaingiza vichwa dirishani. Bi Mwanahawa alikuwa mezani kwake, ameinamia mizani ndogo ambayo haikuwa na kitu juu yake. Nikachomoa plagi, nikampa Meneja, akaichomeka mwenyewe.

"Sasa msalimie mtu," nikasema.

"Hamjambo," akasema, akabonyeza. Feni ikashtuka. Taa ya machungwa. Kimya. Akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda asichopenda kukishinda.

"Hiyo si salamu, hiyo ni taarifa," akasema mkulima wa Makurunge kutoka dirishani.

"Rudia," nikamwomba. "Chomoa, chomeka, na umsalimie Bi Mwanahawa."

"Mimi hanisalimii," Bi Mwanahawa akasema bila kuinua kichwa. "Tangu arudi Morogoro hajaniuliza mgonjwa. Mama yangu ndiye aliyemfundisha huyu kukaanga samaki, alipofiwa na mama yake, na hajamuuliza. Kanipa Miono. Mgonjwa hajamuuliza."

Bwana Shomari, aliyekuwa ameinama kuichomoa, alibaki na plagi mkononi. Kisha akaichomeka, polepole, akasimama wima, na badala ya kuitazama seva akamtazama yeye.

"Dada Mwanahawa. Bi mkubwa ameamkaje?"

Bi Mwanahawa akaifuta mizani kwa kiganja. "Ameamka."

"Anakula?"

"Uji wa mchele. Wa mtama anautema."

"Alikuwa haupendi tangu zamani. Alisema chakula cha kuku." Akasugua shingo. "Anaongea?"

"Maneno mawili matatu. Juzi kaita jina la marehemu mama yako. Nikamwambia huyo ametangulia. Akasema, na mtoto wake? Nikamwambia yupo, amekuwa mkubwa, ana shughuli."

Bwana Shomari akapeleka mkono mfukoni. Alitoa leso akajipangusa uso wote, na joto lilikuwepo, kwa hiyo kila mtu akawa na nafasi ya kusema ni joto.

"Mkono wa kushoto bado hauinuki?" akauliza mwisho.

"Kidole kimoja kinacheza."

"Meneja," Zuhura akanong'ona, "bonyeza."

Alikuwa ameisahau. Akabonyeza bila kutazama. Seva ikanguruma, taa ikawa ya kijani, na dirishani wakulima wakapiga makofi.

Bi Mwanahawa aliinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Anayeiwasha ndiye anayeizima," akasema. "Meneja, gari la Miono tutapanda wote au wewe utatangulia?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bwana Shomari alicheka wa mwisho, lakini alicheka. "Miono haendi mtu," akasema. Mchana ule, Bi Mwanahawa alipotoka kutafuta bodaboda, alimwambia apande gari lake, naye anakwenda Kaole.

Pawa saplai mpya ilifika kutoka Dar baada ya muda wa kutosha watu wote pale kujuana afya zao kwa undani. Niliifunga mwenyewe. Bi Mwanahawa akapewa heshima ya kuiwasha: akachomeka, akasema bismillahi, akagusa kitufe kwa bahati mbaya huku akigeuka kutuuliza tumeamkaje. Ikanguruma kabla hajamaliza neno. Akaitazama kwa kuchukizwa.

"Hii mpya haina adabu," akasema.

Wakati huohuo Bwana Shomari akaingia, akasimama mezani pa Bi Mwanahawa, akaweka kalamu yake chini, akamuuliza bi mkubwa ameamkaje, na akangoja jibu. Seva ilikuwa imekwishawaka. Hakukuwa na sababu yoyote ya kitaalamu ya kungoja. Bi Mwanahawa akamjibu kwa urefu, na Meneja alipoondoka, yeye akaninong'oneza:

"Mashine umeniharibia. Lakini huyu naona amepona. Umembadilisha nini?"

"Sijui," nikasema.

"Sasa utaandika nini?"

Nikakumbuka Kariakoo, lile joto, na mjusi aliyekuwa hajagusa kitu. Nikachukua kalamu ya Meneja, iliyokuwa bado mezani, nikaandika imetengenea.